Bonifasi, Mwingereza Aliyelipanga Kanisa la Wajerumani

Mtakatifu Bonifasi, anayeitwa Mtume wa Wajerumani, alikuwa Mwingereza. Alizaliwa karibu na mwaka 675 katika ufalme wa Wessex, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Uingereza, akapewa jina la Winfrid. Mapokeo yanautaja mji wa Crediton, katika Devon ya leo, kuwa ndiko alikozaliwa. Ukristo ulikuwa bado mchanga huko. Haikuwa imetimia hata miaka mia moja tangu Papa Gregori Mkuu alipowatuma Augustino na wamonaki wenzake kutoka Roma, wakafika Kent mwaka 597. Anayetaka kuielewa kazi ya Bonifasi na aanzie hapo. Kwa Waanglosaksoni wa kizazi chake imani ilikuwa imetoka Roma, na jambo lolote lililowatatiza lilipelekwa Roma likapatiwe jibu.

Baba yake alikuwa mtu wa mali, na hakupenda mwanawe aache urithi aende utawani. Mtoto aling'ang'ania mpaka mzee akakubali. Alisomeshwa katika monasteri ya Exeter, kisha katika ile ya Nursling, karibu na Southampton ya sasa, akabaki huko kama mwalimu. Alitunga kitabu cha sarufi ya Kilatini kwa wanafunzi ambao hawakuzaliwa na lugha hiyo, akaandika risala juu ya mizani ya mashairi, akatunga pia mafumbo ya kishairi kuhusu fadhila na maovu. Alipewa upadre akiwa na umri wa miaka thelathini hivi. Kwa vyovyote alikuwa na maisha mazuri mbele yake: mwalimu mwenye jina, anayeaminiwa na maaskofu na mfalme. Alipoamua kuondoka alikuwa amepita miaka arobaini, umri ambao watu wengi wa zama zile hawakuufikia.

Safari yake ya kwanza, mwaka 716, haikuzaa kitu. Alikwenda Frisia, pwani ya Uholanzi ya leo, akakuta mfalme Radbod yumo vitani na Wafaranki na makanisa yamebomolewa. Alirudi nyumbani mwaka huohuo. Abati wake alipofariki, wamonaki wa Nursling walimtaka yeye ashike nafasi hiyo, naye akakataa. Mwaka 718 alivuka bahari tena, na kisiwa alikozaliwa hakukiona tena maisha yake yote.

Safari hii hakwenda moja kwa moja kwa wapagani. Alitangulia Roma. Mwezi Mei 719 Papa Gregori II alimpa hati ya kuhubiri kwa mataifa yasiyoamini, na pamoja na hati hiyo akampa jina la Bonifasi, jina la mfiadini wa kale. Alifanya kazi kwa muda Thuringia, kisha akarudi Frisia, ambako Radbod alikuwa amekwisha kufa, akatumika miaka mitatu chini ya Willibrord, Mwingereza mwenzake na askofu wa Utrecht. Willibrord alikuwa mzee na alimtaka awe mrithi wake. Bonifasi akakataa tena, akaenda Hesse, katikati ya Ujerumani, akaanzisha makao Amöneburg mwaka 721. Mwaka uliofuata aliitwa Roma, na tarehe 30 Novemba 722 akawekwa wakfu kuwa askofu. Alikula kiapo cha utii kwa Papa kwa maneno yanayokaribia yale waliyoapa maaskofu waliozunguka Roma yenyewe. Askofu anayekwenda mbali kiasi hicho kufungwa na kiapo cha namna hiyo halikuwa jambo la kawaida.

Ya Papa ilikuwa hati moja. Ya pili, iliyokuwa na uzito uleule na pengine zaidi, aliipata mwaka 723 kwa Charles Martel, mtawala halisi wa Wafaranki. Kwa barua hiyo Charles alimweka Bonifasi chini ya ulinzi wake. Hapa panafaa kusema ukweli ambao waandishi wa maisha ya watakatifu huupitia haraka. Bonifasi hakuhubiri chini ya mti akiwa na Biblia tu mkononi. Nyuma yake kulikuwa na dola yenye jeshi. Yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo. Katika barua kwa rafiki yake Daniel, askofu wa Winchester, alikiri kwamba bila ulinzi wa mtawala wa Wafaranki asingeweza kuwaongoza waamini, wala kuwalinda mapadre na watawa wake, wala kuzuia matambiko ya kipagani. Ulinzi huo ulikuwa na gharama yake, kwa maana makasisi waliokaa barazani kwa mtawala ndio waliomuudhi kuliko wapagani.

Tukio linalojulikana zaidi lilitokea wakati huo, mwaka 723 au 724, mahali palipoitwa Geismar, karibu na Fritzlar. Palikuwa na mwaloni mkubwa uliowekwa wakfu kwa Donar, mungu wa radi. Bonifasi alishika shoka mbele ya umati uliokuwa ukimlaani kimoyomoyo. Habari yasema alikuwa ameukata kidogo tu, ukavuma upepo, mti ukaanguka na kupasuka vipande vinne vilivyolingana. Radi haikumpiga. Watu waliokuwa wakingoja kuona mungu wao akijilipizia kisasi wakamwamini Mungu wake, na mbao za mti huo zikajenga kanisa dogo kwa heshima ya Mtakatifu Petro.

Msimulizi wa habari hiyo ni padre aliyeitwa Willibald, aliyeandika maisha ya Bonifasi huko Mainz miaka michache tu baada ya kifo chake. Katika barua zake zilizosalia, Bonifasi mwenyewe hautaji mti huo. Hilo halimaanishi kwamba haukukatwa. Miti na mahali pa matambiko viliharibiwa kweli katika umisionari wa enzi zile. Lakini kilima cha Büraburg, penye ngome ya Wafaranki, hakikuwa mbali na Geismar, na kila aliyekuwa katika umati ule alijua hivyo. Isitoshe, watu wa Hesse hawakuwa wakisikia jina la Kristo kwa mara ya kwanza. Wengi walikwisha kubatizwa na mapadre waliotangulia, kisha wakaachwa bila mafundisho, wakawa wanakwenda kanisani na kwenye chemchemi za matambiko pia. Kuhusu ile hadithi inayosimuliwa wakati wa Noeli, kwamba pale ulipoanguka mwaloni Bonifasi aliuona msonobari mdogo na ndio ukawa mti wa kwanza wa Krismasi, hiyo ni ya karne za karibuni. Willibald hana habari nayo.

Daniel wa Winchester alikuwa na mawazo mengine juu ya namna ya kuwashawishi wapagani. Alimwandikia Bonifasi asianze kwa kuwapinga kuhusu nasaba za miungu yao. Awaache waeleze wenyewe kwamba miungu hiyo ilizaliwa kwa mume na mke kama wanadamu, kisha awaulize: kama ilizaliwa, nani aliutawala ulimwengu kabla yake? Ulimwengu una mwanzo au hauna? Maswali yaulizwe polepole, kwa upole, bila matusi wala kuwatia hasira. Ni ushauri wa mwalimu kwa mwalimu, na kwa sarufi na mafumbo aliyokuwa ameyatunga Nursling, Bonifasi alikuwa mtu wa kuuelewa.

Barua hiyo ni moja ya barua zipatazo 150 zilizohifadhiwa katika mkusanyo wa Bonifasi na mrithi wake Lull. Humo ndimo anamoonekana mtu mwenyewe kuliko katika kisa chochote cha miujiza. Anaomba vitabu bila kuchoka. Kwa askofu mkuu wa York anaomba maandishi ya mwanazuoni Beda, na kwa shukrani anatuma mapipa mawili madogo ya divai. Kwa Daniel anaomba kitabu cha manabii kilichoachwa na mwalimu wake wa zamani, kwa sababu kiliandikwa kwa herufi kubwa zilizo wazi, na macho yake yameanza kufifia. Kwa mama abesi Eadburg anaomba nyaraka za Mtume Petro zinakiliwe kwa herufi za dhahabu, ili wale anaowahubiria, watu wanaotazama kwa macho ya mwili, wayaheshimu Maandiko wakiyaona. Dhahabu ya kazi hiyo aliipeleka yeye mwenyewe.

Roma nayo ilipokea maswali yake, mengine mazito, mengine ya jikoni. Je, nyama ya farasi inaliwa? Gregori III alijibu kwamba ni mwiko, na anayeila atubu. Nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa iliwe lini? Papa Zakaria aliona haifai kuliwa kabla ya kukaushwa kwa moshi au kupikwa. Kuna Wakristo wanaowauzia wapagani watumwa wa kuchinjwa katika matambiko, wafanyweje? Jibu lilikuwa kali: huo ni uovu sawa na kuua. Lipo pia suala la padre wa Bavaria aliyekuwa akibatiza kwa Kilatini kibovu, akivuruga maneno ya Baba na Mwana. Bonifasi, mwalimu wa sarufi, alitaka watu hao wabatizwe upya. Zakaria alimkatalia: kosa lilikuwa la ujinga wa lugha, si la uzushi, na ubatizo haurudiwi. Papa ndiye aliyekuwa na haki, na inaelekea mapadre wengi wa vijijini walinusurika kwa jibu hilo.

Uingereza haikumpelekea vitabu tu, ilimpelekea watu: wamonaki, walimu, na wanawake. Lioba alikuwa jamaa yake upande wa mama. Alianza kwa kumwandikia barua ya kujitambulisha, akaambatanisha mistari ya Kilatini aliyoitunga na kumwomba airekebishe. Bonifasi akamwita Ujerumani, akamkabidhi monasteri ya watawa wa kike ya Tauberbischofsheim, na wanafunzi wake wakaenda kuwa maabesi katika nyumba nyingine. Thecla alikuwa Kitzingen. Walburga aliongoza Heidenheim. Shule za wasichana katika sehemu hizo zilitokana na nyumba hizo, na mtu akihesabu waliojenga Kanisa lile bila kuwahesabu hao, hesabu yake imepungua nusu.

Mwaka 732 Bonifasi alifanywa askofu mkuu, akapelekewa palio, ile kanda ya sufu inayovaliwa mabegani na maaskofu wakuu. Hakuwa na mji wa kukaa. Cheo kilitangulia jimbo. Kazi ya kuyapanga majimbo ilianza kwa nguvu baada ya safari yake ya tatu ya Roma. Mwaka 739, kwa msaada wa mtawala Odilo, aliipanga Bavaria katika majimbo manne: Salzburg, Freising, Regensburg na Passau. Baada ya miaka michache yakafuata Würzburg, Büraburg na Erfurt. Mengine yalidumu hadi leo, mengine yakamezwa na Mainz. Ramani ya Kanisa la kusini mwa Ujerumani bado ina alama za mkono wake.

Charles Martel alikufa mwaka 741, na wanawe Karloman na Pipino wakampa Bonifasi nafasi aliyoisubiri: kulisafisha Kanisa la Wafaranki lenyewe. Kulikuwa na kazi. Sinodi hazikuwa zimekutana kwa miongo mingi, na mashamba ya makanisa yalikuwa yamegawiwa kwa askari. Sinodi ya Karloman, iliyokutana mwaka 742 au 743, na zilizofuata Estinnes na Soissons, ziliwakataza makasisi kubeba silaha, kupigana vitani na kuwinda kwa mbwa na mwewe, na zikaamuru monasteri zifuate Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Kwamba marufuku hayo yalihitajika inaonyeshwa na Gewilib, askofu wa Mainz. Baba yake, aliyekuwa askofu hapohapo kabla yake, aliuawa katika vita na Wasaksoni. Gewilib alimtafuta muuaji, akamwita wakutane kama watu wanaotaka kuzungumza, akamchoma upanga. Kwa desturi ya wenyeji alikuwa ametimiza wajibu wa mtoto kwa mzazi. Kwa sheria ya Kanisa alikuwa mwuaji, na mwaka 745 aliondolewa. Bonifasi aliahidiwa Köln, akaishia kupewa Mainz.

Mpinzani wa ajabu kuliko wote alikuwa Aldebert, mhubiri wa Gaul aliyejitangaza mtakatifu akiwa hai. Alisimamisha misalaba mashambani, akawagawia watu nywele na kucha zake kama masalia, na wale waliokuja kuungama akawaambia hakuna haja, dhambi zao anazijua tayari. Alikuwa na barua ambayo, kwa maneno yake, Yesu mwenyewe aliiandika ikaanguka kutoka mbinguni. Watu walimfuata kwa wingi, wakalalamika kwamba Bonifasi amewanyang'anya mtume wao. Sinodi ya Roma ilimlaani mwaka 745. Yeyote aliyewahi kuona umati ukimkimbilia mponyaji mwenye mafuta na maji ya baraka hatashangazwa na Aldebert.

Bonifasi hakushinda kila pambano. Maaskofu wa ukoo bora waliendelea na mbwa wao wa kuwinda, na mpango wake wa kuwa na maaskofu wakuu wenye mamlaka kamili juu ya wengine ulikwama. Mwaka 751 Pipino alimwondoa mfalme wa mwisho wa ukoo wa Wamerovingi na kutawazwa mwenyewe. Kumbukumbu za Wafaranki zinasema Bonifasi ndiye aliyempaka mafuta, lakini wanahistoria wengi wanatilia shaka. Katika miaka hiyo ya mwisho hasikiki tena sana katika shughuli za dola. Barua yake kwa Fulrad, abati wa Saint-Denis, ni ya mzee mwenye wasiwasi: wafuasi wake karibu wote ni wageni, baadhi ni mapadre maskini mpakani mwa wapagani, wanaopata mkate lakini hawana nguo, na anaomba wasitupwe atakapokufa. Ombi lake lilisikilizwa, na Lull akawekwa Mainz.

Kilichompa raha ni Fulda. Mwaka 744 Sturm, kijana wa Bavaria aliyemlea, alianzisha monasteri hiyo msituni katika ardhi iliyotolewa na Karloman. Mwaka 751 Bonifasi aliiombea kwa Papa iwe moja kwa moja chini ya Roma, askofu yeyote asiwe na amri juu yake. Hakika hakuwa na imani sana na maaskofu wa kesho. Abati wa kwanza wa Fulda hakuwa Mwingereza, alikuwa mzaliwa wa Bavaria, na hilo halikutokea kwa bahati.

Mwaka 753, akiukaribia umri wa miaka themanini, aliacha yote akarudi Frisia alikoshindwa mwanzo. Alijua anakwenda wapi: alimwambia Lull aweke katika sanduku la vitabu shuka ya kumfungia maiti yake. Alimsihi Lioba asiitupe Ujerumani, akamwachia joho lake la kimonaki, na akataka mifupa yao ilale pamoja. Tarehe 5 Juni 754 alikuwa kambini karibu na Dokkum, akiwangoja waliobatizwa waje kupokea kipaimara. Asubuhi wakatokea watu wenye silaha. Aliwakataza vijana wake kupigana. Akauawa pamoja na Eoban, askofu wa Utrecht, na wenzao. Mapokeo yanawahesabu hao kuwa 52. Wauaji walivunja masanduku wakitafuta dhahabu, wakakuta vitabu, wakavitupa kondeni na matopeni. Kimoja kilicho na majeraha ya upanga kwenye kurasa zake kimehifadhiwa Fulda, na mapokeo husema Bonifasi alikiinua juu ya kichwa kujikinga. Utrecht ilitaka kuubakiza mwili wake, Mainz nayo ikautaka, lakini alikuwa amesema azikwe Fulda, na Fulda akazikwa. Lioba alizikwa huko baadaye, ingawa si katika kaburi moja kama Bonifasi alivyotaka.

Wasaksoni, ambao Bonifasi alitamani sana kuwafikia na aliowaita ndugu wa damu moja na Waingereza, hakuwafikia. Walifikiwa na Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, kwa vita vilivyoanza mwaka 772 na kuendelea kwa miaka thelathini, ubatizo ukiwa sharti la kusalimu amri. Hapo ndipo ulinzi wa dola ulipoonyesha upande wake mwingine. Fulda kwa upande wake ikawa shule mashuhuri. Chini ya abati Hrabanus Maurus katika karne ya 9, wamonaki wake walinakili vitabu vya Roma ya kale, miongoni mwavyo vya Tacitus na Ammianus Marcellinus, ambavyo vingine pengine vingepotea kabisa. Katika karne ya 19 Wajerumani Wakatoliki na Waprotestanti waligombania kumbukumbu yake: kwa Wakatoliki ni baba wa imani, kwa Waprotestanti ni mtu aliyeifunga Ujerumani kwa Roma. Sanamu yake ilisimamishwa Fulda mwaka 1842, na maaskofu Wakatoliki wa Ujerumani hukutana huko kila mwaka majira ya kupukutika majani.

Afrika Mashariki iliguswa na urithi huo kupitia Andreas Amrhein, mmonaki aliyeanzisha shirika la Wabenediktini wa St. Ottilien mwaka 1884 akitaka wamonaki warudie umisionari wa zama za akina Bonifasi. Watu wake walifika Dar es Salaam mwaka 1888 na kuanza kazi Pugu. Walikuja wakati uleule Wajerumani walipokuwa wakiitwaa nchi, na wenyeji hawakuona tofauti kubwa kati ya hao na hao: Pugu ilishambuliwa mwaka 1889 katika vita vya Abushiri, na askofu Cassian Spiss aliuawa mwaka 1905 katika vita vya Maji Maji. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, Ndanda mwaka 1906. Sturm wa Bavaria alikuwa abati wa Fulda tangu siku yake ya kwanza; Wabenediktini wa kusini mwa Tanzania walingoja mpaka mwaka 1957, ndipo Hanga ikaanzishwa kuwa monasteri ya wamonaki Waafrika.